Uhaba wa Stadi na Ugumu wa Kuajiri katika Tasnia ya Habari: Hali ya Kilosa na Mikumi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua uhaba wa stadi na ugumu wa kuajiri katika tasnia ya habari kwa kuangalia maeneo ya Kilosa na Mikumi, mkoani Morogoro. Yanatofautisha mambo manne ambayo mara nyingi huchanganywa: uhaba wa watu, uhaba wa stadi, ugumu wa kuajiri na ugumu wa kuwabakiza watumishi. Kwa kupitia sheria, historia ya utangazaji nchini na mazingira ya wilaya, makala yanajenga hoja kwamba vijana wenye nia ya kufanya kazi ya habari wapo, ila njia ya kuwafikisha kwenye umahiri na kuwaweka hapo haijajengwa karibu nao. Mkazo wa pekee umewekwa kwenye stadi za lugha ya Kiswahili, ambazo hudhaniwa kuwa kila Mtanzania anazo na kwa sababu hiyo hazifundishwi vya kutosha. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza hatua zinazoweza kuchukuliwa ndani ya wilaya kwa kutumia taasisi zilizopo.

1.0 Utangulizi

Mtu anayetafuta mtangazaji katika mji mdogo wa Tanzania hapati shida ya kupata waombaji. Tangazo likitolewa asubuhi, jioni bahasha zimejaa mezani. Shida huanza pale anapowapa waombaji hao karatasi ya taarifa ya hali ya hewa na kuwataka waiandike upya ili mkulima asiyesoma aielewe, au anapowauliza nani kati yao anaweza kutengeneza kichanganya sauti kilichoungua kwa radi. Hapo idadi hupungua haraka. Wachache wanaobaki nao huuliza swali moja la haki: mshahara ni kiasi gani, na mkataba ni wa muda gani?

Hali hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Mijadala mingi kuhusu tasnia ya habari nchini imejikita katika uhuru wa vyombo vya habari na sheria zake. Huo ni mjadala muhimu, na makala haya yanaugusa pale inapobidi. Hata hivyo, chombo cha habari kikiwa huru lakini hakina mtu anayejua kusoma ripoti ya fedha ya halmashauri, uhuru huo hautamfaa msikilizaji. Kadhalika, chombo chenye mtangazaji mahiri ambaye ataondoka baada ya miezi sita hakiwezi kujenga kumbukumbu ya mahali kinapofanyia kazi. Ndiyo maana suala la nani anaajiriwa, anajua nini, na anakaa kwa muda gani linastahili kufafanuliwa peke yake.

2.0 Kilosa na Mikumi kama eneo la habari

Wilaya ya Kilosa imo katika Mkoa wa Morogoro. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 438,175 katika wilaya hiyo. Mji wa Kilosa ulikua kandokando ya Reli ya Kati na mashamba ya mkonge, ilhali Mikumi, ambao ni mji mdogo ndani ya wilaya hiyohiyo, umekaa kwenye barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia. Jirani yake ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Kwa hiyo wilaya moja ina miji miwili yenye tabia tofauti: mmoja ni wa reli, kilimo na ofisi za serikali, mwingine ni wa malori, wageni na utalii.

Kwa mwandishi wa habari, eneo hili ni shamba lenye rutuba na lenye miiba. Wapo wakulima wa mahindi, mpunga na miwa. Wapo wafugaji wa Kiparakuyo na Kimaasai. Wapo Wasagara, Wavidunda na Wakaguru pamoja na watu wa makabila mengi waliokuja kwa ajili ya mkonge na reli. Kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga. Upo Mto Mkondoa unaopita karibu na mji wa Kilosa, ambao mafuriko yake ya mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaacha maelfu ya watu bila makazi na kukata mawasiliano ya reli. Ipo pia reli ya kisasa (SGR), ambayo tangu Julai 2024 inasafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, Kilosa ikiwa mojawapo ya vituo vyake.

Juu ya yote hayo kuna kumbukumbu nzito. Tarehe 8 Desemba 2000, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni kutokana na mgogoro wa wakulima na wafugaji. Kila anayezungumza hewani kuhusu mifugo na mashamba katika wilaya hii anazungumza mbele ya watu wanaoikumbuka siku hiyo.

Kwa upande wa vyombo, wilaya inahudumiwa na redio ya kijamii, Radio Jamii Kilosa, na wakazi wake pia husikiliza redio za kitaifa na zile zilizopo Morogoro mjini. Mji wa Morogoro una vituo kadhaa vya redio na televisheni, vikiwamo vya Abood na vya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na chuo cha uandishi wa habari. Ukaribu huo una faida, ila kama itakavyoonekana, ni sehemu pia ya tatizo.

3.0 Ufafanuzi wa dhana

Ili kuepuka mkanganyiko, dhana nne zitofautishwe.

Uhaba wa watu ni hali ya kukosekana kwa waombaji. Hali hii haipo katika kazi ya utangazaji wilayani, kwa kuwa vijana wanaopenda kazi hiyo ni wengi kuliko nafasi. Uhaba wa stadi ni hali ambapo waombaji wapo lakini hawana uwezo unaotakiwa na kazi yenyewe. Ugumu wa kuajiri ni hali ambapo mwenye uwezo yupo mahali fulani, ila mwajiri hawezi kumpata kwa sababu ya ujira, umbali, masharti ya kisheria au sifa ya kazi hiyo. Ugumu wa kubakiza ni hali ambapo mtu anapatikana, anafundishwa, kisha anaondoka.

Tofauti hizi zina maana katika utendaji. Mwajiri akidhani ana uhaba wa watu, atatangaza nafasi mara ya pili na ya tatu. Akidhani ana uhaba wa stadi pekee, ataandaa semina. Lakini kama tatizo lake ni la kubakiza, semina hiyo itamwandalia mtumishi barua ya kwenda kwingine. Katika mazingira ya Kilosa na Mikumi, dhana tatu za mwisho zinafanya kazi kwa pamoja, na kila moja huikuza nyingine.

4.0 Stadi zinazohitajika na zisizopatikana kwa urahisi

4.1 Stadi za lugha

Inaweza kushangaza kuanza na Kiswahili katika nchi ambamo Kiswahili ni lugha ya taifa. Lakini kukizungumza Kiswahili ni jambo moja, na kukifanyia kazi ya habari ni jambo jingine. Kanuni za maudhui ya utangazaji nchini zinavitaka vituo kutangaza kwa Kiswahili sanifu au Kiingereza. Kwa mtangazaji wa Kilosa hii ina maana kwamba anatakiwa kumfikia mzee anayefikiri kwa Kisagara na mama wa Kiparakuyo kwa Kiswahili chepesi, kisichopotosha, huku vyanzo vyake vingi, kama vile ripoti za miradi, utafiti na nyaraka za kitaalamu, vikiwa vimeandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili cha ofisini.

Mfano mzuri ni utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Utabiri huo hutumia istilahi tatu: mvua za juu ya wastani, za wastani na za chini ya wastani. Katika lugha ya kila siku, neno wastani humaanisha kitu cha kadiri, kisichozidi wala kupungua, na mkulima anaweza kulipokea kwa maana ya mvua zinazotosha. Katika istilahi ya hali ya hewa, wastani hupimwa kwa kulinganisha na rekodi za muda mrefu za eneo husika. Mahali ambapo kwa kawaida mvua ni haba, mvua za wastani ni mvua haba. Mtangazaji asiyelijua hili husoma taarifa ilivyo, bila kosa hata moja la matamshi, na mkulima akapanda mbegu isiyofaa. Kosa hilo halitaonekana katika usahili wa kazi, kwa sababu usahili mwingi hupima sauti na kujiamini.

Mfano wa pili ni lugha ya migogoro. Tukio la Rudewa Mbuyuni linaweza kuitwa mapigano, mauaji, shambulio au vurugu. Mapigano yanaashiria pande mbili zilizokabiliana. Shambulio linaashiria upande mmoja ulioanza. Vurugu inaficha nani alifanya nini. Vivyo hivyo, kusema ng'ombe wamevamia shamba si sawa na kusema wameingia shambani, na kusema wafugaji wamefanya kosa fulani si sawa na kumtaja mtu mmoja anayetuhumiwa. Uteuzi wa msamiati wa namna hii hufundishika. Unahitaji mhariri anayekaa na kijana na kumuuliza, kwa nini umetumia kitenzi hiki? Mhariri huyo ndiye mtu adimu kuliko wote katika redio za wilayani.

4.2 Stadi za kuripoti kwa kina

Sehemu kubwa ya habari za wilaya imo katika karatasi: bajeti ya halmashauri, taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mihtasari ya vikao vya baraza la madiwani, mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji, hukumu za mahakama. Kuzisoma kunahitaji hesabu ya msingi, uelewa wa sheria na subira. Mwandishi asiyekuwa na stadi hizi hutegemea maneno ya kiongozi kwenye mkutano. Matokeo yake habari nyingi hufuata muundo mmoja: kiongozi amesema, kiongozi ameagiza, kiongozi amewataka wananchi. Wasikilizaji wanajua kilichosemwa ila hawajui kilichofanyika.

4.3 Stadi za ufundi

Redio ni mtambo kabla ya kuwa sauti. Inahitaji mtu wa kutunza mnara, kisambaza mawimbi, umeme wa akiba, kompyuta na vichanganya sauti. Fundi mitambo wa aina hiyo anahitajika pia na kampuni za simu, viwanda vya sukari, hoteli na miradi ya ujenzi, ambazo zote zina uwezo mkubwa zaidi wa kulipa. Kwa sababu hiyo vituo vingi vidogo humwita fundi kutoka mkoani au Dar es Salaam pale kitu kinapoharibika, na hewa hukaa kimya hadi afike.

Mikumi inaongeza sura nyingine. Utalii unahitaji picha mnato na picha za video. Filamu ya The Royal Tour, iliyozinduliwa mwaka 2022 na ambamo Rais Samia Suluhu Hassan aliitembeza dunia katika vivutio vya nchi, ilionyesha thamani ya picha katika kuvuta wageni. Lakini kwa kawaida kamera kubwa na wanaozishika hutoka nje ya wilaya. Kijana wa Mikumi hushiriki kama dereva, mwongozaji au mbeba mizigo, ingawa anaijua nyika kuliko wapigapicha hao. Ujuzi wake wa mahali haujaunganishwa na ujuzi wa kamera, na hivyo kazi inapotokea karibu na nyumbani kwake, si yeye anayeajiriwa kuifanya.

4.4 Stadi za biashara na uongozi

Chombo cha habari kinahitaji mtu wa kutafuta matangazo, kuandika maombi ya ruzuku, kutunza hesabu na kusimamia watu. Katika vituo vidogo kazi hizi hufanywa na mtu mmoja, ambaye mara nyingi ndiye pia msimamizi wa vipindi na msomaji wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kazi inayoachwa nyuma ni ya kutafuta mapato, na kukosekana kwa mapato ndiko kunakozuia kuajiri wengine. Huu ndio mzunguko unaofanya tatizo lijirudie mwaka hadi mwaka.

5.0 Sababu za hali hii

5.1 Historia ya mafunzo

Kabla ya mwaka 1993 utangazaji wa redio Tanzania Bara ulikuwa mikononi mwa dola. Radio Tanzania Dar es Salaam iliwafundisha watangazaji wake kwa utaratibu wa kazini: kijana alikaa chini ya mkongwe, alisahihishwa, alisikilizwa, kisha aliruhusiwa kuingia studio. Redio hiyo ndiyo iliyobeba kampeni za elimu ya watu wazima kama vile Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyotumia vikundi vya kusikiliza vijijini pamoja na vitabu na viongozi wa vikundi. Kampeni ya namna hiyo ilihitaji waandishi wa vipindi waliojua kuandika kwa ajili ya sikio.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo binafsi, na kuanzia 1994 vituo viliongezeka kwa kasi. Ongezeko hilo lilikuwa neema kwa msikilizaji, lakini wakongwe wa kufundisha hawakuongezeka kwa kiwango hichohicho. Vyuo vilijaribu kuziba pengo. Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1975, kilikuja kuunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vyuo binafsi vilizaliwa katika miji mbalimbali. Ila chuo huweza kumpa mwanafunzi misingi. Umahiri hukomaa mezani kwa mhariri. Panapokosekana mhariri, mhitimu huingia kazini na kujifundisha mwenyewe kwa kuiga anayoyasikia redio za Dar es Salaam, vikiwamo vichekesho na mikato ya lugha isiyomfaa msikilizaji wa Rudewa au Kidodi.

5.2 Ujira na aina ya ajira

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mwajiriwa maelezo ya maandishi kuhusu masharti ya kazi yake, na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inavitaka vyombo kuwawekea watumishi wake bima na hifadhi ya jamii. Pamoja na hayo, wanahabari wengi nchini hufanya kazi kama waandishi wa kujitegemea wanaolipwa kwa habari iliyotumika, au kama watu wa kujitolea wanaosubiri nafasi ambayo haijulikani itafunguka lini. Mwaka 2023 Serikali iliunda kamati iliyoongozwa na Tido Mhando, mtangazaji wa siku nyingi, kutathmini hali ya kiuchumi ya vyombo vya habari. Kuundwa kwa kamati hiyo kulikuwa ni kukiri kwamba tatizo limevuka mipaka ya chombo kimojamoja.

Katika wilaya, chanzo cha tatizo ni soko la matangazo. Watangazaji wakubwa wa biashara wapo Dar es Salaam na hununua muda katika vituo vinavyosikika nchi nzima. Redio ya wilaya hubaki na salamu, matangazo ya misiba, matangazo ya maduka, na vipindi vinavyodhaminiwa na miradi. Mradi ukiisha, na mshahara uliotokana nao huisha. Mwandishi asiye na mshahara hutegemea posho ya mwenye tukio. Hapo suala la stadi huwa suala la maadili: anayelipiwa nauli na mwenye mkutano hawezi kuuliza kwa urahisi swali linalomuudhi mwenye mkutano.

5.3 Masharti ya kisheria

Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, katika kifungu cha 19, inamtaka mtu anayefanya kazi ya uandishi wa habari awe na ithibati. Kanuni zake za mwaka 2017 ziliweka stashahada kuwa elimu ya chini. Waandishi waliokuwa kazini walipewa muda wa kusoma, na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari ilianza kutoa vitambulisho baada ya miaka kadhaa.

Lengo la sharti hili ni kuinua weledi, na ni lengo jema. Lakini tuangalie linavyomfikia mtangazaji wa wilaya aliyemaliza kidato cha nne. Katika mfumo wa elimu ya ufundi, njia yake hupitia ngazi ya nne, ya tano na ya sita, yaani takribani miaka mitatu ya masomo. Chuo hakipo Kilosa. Kilicho karibu kipo Morogoro mjini. Akienda, kituo kinampoteza kwa miaka mitatu. Akimaliza, ana cheti kinachotambulika nchi nzima, na sababu za kurudi ni chache. Asipokwenda, hana ithibati. Kwa njia hiyo sharti lililokusudiwa kuongeza stadi linaweza kupunguza idadi ya watu wenye stadi katika eneo ambalo lilikuwa na wachache tangu mwanzo. Tatizo hapa ni umbali uliopo kati ya sharti na mahali pa kulitimizia.

Masharti ya mtandaoni yalikuwa na athari inayofanana. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka ada ya maombi ya shilingi 100,000 na ada ya leseni ya shilingi 1,000,000. Ada hizo zilipunguzwa baadaye, ila kwa kijana wa Mikumi aliyetaka kuanzisha jukwaa dogo la habari za utalii na mji wake, milioni moja ilitosha kumfanya aahirishe. Ajira ambayo ingezaliwa hapo haikuonekana katika takwimu yoyote, kwa sababu haikuwahi kuanza.

5.4 Kuhama kwa wenye vipaji

Wilaya hii haijakosa vipaji vya mawasiliano. Joseph Haule, anayejulikana kama Profesa Jay, mmoja wa wasanii waliouinua muziki wa Bongo Fleva, alikuwa mbunge wa Mikumi kati ya mwaka 2015 na 2020. Mwezi Desemba 2024 mbunge wa Kilosa wa wakati huo, Profesa Palamagamba Kabudi, aliteuliwa kuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo. Mifano hii haihusu ajira za redio moja kwa moja, lakini inaonyesha kwamba eneo lina sauti zinazosikika kitaifa. Kinachokosekana ni kazi ya mawasiliano inayomwezesha mtu kuishi vizuri akiwa hapohapo.

Reli ya kisasa imefupisha safari kati ya Kilosa na miji mikubwa. Athari yake ni ya pande mbili. Mwandishi wa Dar es Salaam anaweza kufika asubuhi, akachukua habari na kuondoka jioni, na hivyo chombo chake kisione haja ya kumwajiri mtu wa Kilosa. Vilevile mtangazaji wa Kilosa anaweza kwenda kwenye usahili Dodoma bila kuomba ruhusa ya siku tatu.

6.0 Gharama ya pengo hili kwa wananchi

Ili kuona uzito wa jambo, tuchukue hali ya kudhaniwa inayotokana na historia ya Kilosa. Mvua kubwa imenyesha milimani mchana kutwa. Saa nne usiku maji ya Mkondoa yanapanda. Ili wananchi wa mabondeni waokolewe na taarifa, mambo haya lazima yatimie: fundi awe amehakikisha umeme wa akiba unafanya kazi, mtu awe studioni saa hiyo, mtu huyo awe na namba za watendaji wa vijiji vya juu ya mto na ajue kuthibitisha wanachosema, ajue kutofautisha tahadhari na uvumi, na aweze kusema kwa maneno machache ni nani ahame, aelekee wapi na apite njia gani.

Kila kipengele ni stadi. Kikikosekana kimoja, vingine havisaidii. Redio ya kitaifa haiwezi kuijaza nafasi hiyo, kwa sababu haijui kitongoji kipi kiko chini ya kipi. Mitandao ya kijamii hujaza nafasi kwa kasi, ila hubeba ukweli na uvumi katika kikapu kimoja. Ndivyo ilivyo pia katika migogoro ya ardhi. Taarifa isiyothibitishwa kwamba kundi fulani linakuja inaweza kuwasha moto kabla polisi hawajafika. Kwa hiyo nafasi ya kazi iliyo wazi katika chumba cha habari cha wilaya si suala la mwajiri peke yake.

7.0 Njia zinazowezekana

Mapendekezo yafuatayo yamechaguliwa kwa sababu yanategemea vitu vilivyopo.

Kwanza, mafunzo yamfuate mtu kazini. Vyuo vya Morogoro vinaweza kutoa stashahada kwa vipindi vifupi vya darasani vinavyofuatiwa na miezi ya kazi chini ya usimamizi, na uzoefu uliokwisha kupatikana ukapimwa na kutambuliwa. Mfumo wa urasimishaji ujuzi unatumika nchini kwa mafundi waliojifunzia kazini. Misingi yake inaweza kuwafaa watangazaji.

Pili, uanagenzi urejeshwe. Wahariri na watangazaji wastaafu wapo mikoani. Mhariri mmoja anayezungukia vituo vitatu au vinne vya jirani, kwa mfano Kilosa, Morogoro na Ifakara, ambako ipo Pambazuko FM, anaweza kuinua kiwango cha habari kuliko semina ya siku mbili hotelini. Gharama yake ikigawanywa, kila kituo kitalipa sehemu ndogo.

Tatu, mafundi waandaliwe Mikumi. Chuo cha VETA kipo pale. Kozi fupi ya matunzo ya mitambo ya redio na ya upigaji picha za wanyama na utalii, ikiandaliwa kwa makubaliano kati ya chuo, vituo na wenye hoteli, ingempa kijana ujuzi wenye waajiri zaidi ya mmoja. Ujuzi wa aina hiyo ndio unaomwezesha mtu kubaki nyumbani, kwa sababu mapato yake hayategemei mlango mmoja.

Nne, taarifa za umma zilipiwe kwa utaratibu ulio wazi. Halmashauri, hifadhi na miradi ya miundombinu huhitaji kuwafikia wananchi. Mikataba ya mwaka mzima ya muda wa matangazo, inayotolewa kwa ushindani na isiyogusa uhuru wa chumba cha habari, ingeweza kulipa angalau mshahara wa mhariri mmoja wa kudumu.

Tano, idara za Kiswahili za vyuo vikuu ziingie katika kazi hii. Zimezoea kuandaa walimu na wafasiri. Zinaweza pia kuandaa miongozo mifupi ya istilahi za hali ya hewa, ardhi, afya na bajeti kwa ajili ya watangazaji, na kuwapeleka wanafunzi wa uzamili kufanya utafiti wao katika vyumba vya habari vya wilaya. Faida itakuwa ya pande zote: mtafiti hupata data hai, na mtangazaji hupata mtu wa kumuuliza.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ugumu wa kuajiri katika tasnia ya habari Kilosa na Mikumi hautokani na uchache wa vijana wala uvivu wao. Unatokana na mnyororo: soko dogo la matangazo huzaa ujira duni, ujira duni humwondoa mhariri, kukosekana kwa mhariri humnyima kijana mafunzo, na sharti la stashahada humtaka kijana huyo asafiri kutafuta kile ambacho, akikipata, kitamfanya asirudi. Kuutibu mnyororo huo kwa semina peke yake, au kwa sheria peke yake, ni kushika pingili moja na kuacha nyingine.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwandishi mgeni atokaye mjini ana nafasi yake, na wilaya inamhitaji. Lakini maji ya Mkondoa hayamsubiri ashuke kwenye treni. Usiku wa mafuriko msikilizaji huitafuta sauti ya mtu anayeyajua majina ya vitongoji vyake. Kazi iliyo mbele ya wadau ni kuhakikisha kwamba mtu huyo yupo studioni, amefundishwa, ana mkataba, na hana sababu ya kuondoka.